Madoa na Saksafoni ya Dada

Jumanne, 3 Juni
Filamu yangu imekwisha! Dakika nne za rangi juu ya kioo, nikizipiga picha moja baada ya nyingine. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hadithi. Duara, mistari, madoa – vinacheza jazi ya dada. Kila anapovuta pumzi kwenye saksafoni, kijani kinanywea. Nimemwonyesha jikoni, alikuwa anakatakata vitunguu. Akasema nzuri mno, machozi yakamtoka. Nikamkumbatia, kisu na vyote!

Alhamisi, 5 Juni
Mwalimu wa uhariri kaniita pembeni. Mbona muziki wangu ndio huohuo wa filamu ya yule tunayemwita Miwani, ninayesoma naye? Nikacheka – Miwani na jazi wapi na wapi! Akanivalisha visikizio.
Dada. Dada mtupu, mwanzo hadi mwisho. Pale anapovuta pumzi, kwenye filamu ya Miwani kuna bibi anafunga mlango.
Sikujua niuweke wapi uso.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemuuliza dada. Hata hakukana! Eti Miwani alimwomba kwa adabu. Eti muziki si mke wa mtu. Nikamwambia tuliutunga wote, chumbani, mimi nachora yeye anapuliza. Kisha akalipasua: "Mdogo wangu, yako ni madoa. Ya Miwani ina watu, mtu anaelewa. Na mimi nataka nisikike."
Kumbe "nzuri mno" ilikuwa ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kikulacho ki nguoni mwako – changu tunalala chumba kimoja.

Jumatatu, 9 Juni
Hatusemezani. Mezani chumvi inapitia kwa mama. Mama kauliza kuna nini. Hakuna.

Ijumaa, 13 Juni
Onyesho la filamu zetu. Ya Miwani ikatangulia. Saksafoni ikajaa ukumbini, makofi, dada akasimama kushukuru.
Zamu yangu. Nikamwambia fundi mitambo: zima sauti. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Zima!
Dakika nne za kimya. Mtu akakohoa. Kisha hakuna aliyekohoa. Kijani kikanywea – nikaona migongo inasogea mbele vitini. Taa zikawaka. Sikungoja makofi.
Niko nje, kwenye ngazi. Dada kanifuata, macho mekundu. Kasema, "Ndiyo kwanza nimeiona leo."
Leo! Na jikoni je? Na wiki zote zile?
Sijamuuliza. Nauliza humu tu. Bado amekaa, ngazi moja chini yangu, kichwa karibu na goti langu, hakijagusa. Anangoja niseme neno. Naandika.