Kocha Bado Anapunguza Uzito

Jumatatu, 4 Februari 2019

Baridi ya kukata masikio. Mume wangu Verlyn hajala tena. Kuku na tambi — chakula kilichokuwa kikimrudisha mbio kutoka chuoni alikokuwa kocha. Ameitazama sahani kama mtu aliyetegewa mtego. Akasema leo hapana, kesho asubuhi kuna kupima uzito.

Nikamuuliza, kupima wapi? Akanihurumia kwa macho.

Basi nimeelewa. Wiki nzima nilidhani ugonjwa wa kusahau umemwondolea hamu. Kumbe ni nidhamu! Jina la binti yetu limemtoka. Ratili mia thelathini na nne hazijamtoka. Ndio uzito aliochukulia ubingwa wa taifa wa mieleka mwaka 1971. Leo ana mia arobaini na sita, na umri wa miaka sabini. Anajiona mnene.

Jumanne, 5 Februari

Amevaa sweta tatu, anakimbia polepole kutoka jikoni hadi mlango wa mbele. Anatema mate kwenye kopo langu la kahawa ili apungue. Shabaha bado anayo.

Daktari amekuja. Mwili unakauka, kasema; asipokula kufikia Jumapili atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Nikamwambia huyu hajawahi kushikwa mkono akatulia. Daktari alidhani natania.

Nikapata wazo. Wanamieleka wakishapimwa hula kama nzige. Basi apimwe! Nikaiburuta ile mizani ya zamani kutoka gereji, ile ambayo chuo kiliitupa naye akaiokota kama yatima. Akavua nguo akabaki na kaptula. Akapanda, akatoa pumzi yote. Nikaweka kipimo pale anapopataka, mkono wa mizani nikauzuia usiinuke kwa kidole kidogo. Yeye anatazama ukutani.

"Toa kidole, Ardith."

Amewakamata vijana wa chuo wakifanya hila hiyo kwa miaka thelathini na moja. Sijui nilitegemea nini. Ameshuka akaongeza sweta ya nne.

Jumatano, 6 Februari

Chuo wamepiga simu. Ukumbi wa mieleka utapewa jina lake Jumamosi alasiri. Je, ataweza kusema maneno mawili? Mawili anayo, nikamjibu yule bwana: "Sijafika bado." Akacheka sana. Nikamwacha acheke.

Verlyn: vipande vya barafu. Basi.

Alhamisi, 7 Februari

Marv amekuja. Alikuwa mwanafunzi wa Verlyn, wa uzito wa juu. Sasa ndiye kocha wa timu. Ameleta mikate ya mdalasini mikubwa kama kofia. Akachuchumaa mbele ya Verlyn.

"Kocha, umefika. Mizani nimeiona kwa macho yangu."

"Wewe wa uzito wa juu unajua nini habari za njaa?"

Marv akacheka, halafu akaja jikoni kufuta macho. Akala mikate miwili kwa kusimama, huku akinisimulia sifa za Kocha. Mabingwa kumi na saba. Na katika miaka yote Kocha hakuacha uzito hata mmoja wazi! Maana usipokuwa na mtu wa uzito fulani, mpinzani anapewa pointi sita za bure. Verlyn aliita huko kujiibia mwenyewe. Kila mara alipatikana kijana wa kuziba nafasi. Marv anajua walivyokuwa wakipatikana. Mimi pia.

Nikalitaja jina la Lonnie Kubesh. Marv akaacha kutafuna.

Mwaka 1984 Lonnie alishika uzito uleule, uzito wa Verlyn. Kijana bado anarefuka. Alikuja hapa, akakaa kwenye meza hii, akaomba apande daraja, ashindane na wa uzito mkubwa zaidi. Verlyn akasema mwakani. Wiki iliyofuata Lonnie alianguka kwenye chumba cha mitambo ya mvuke, ndani ya suti ya plastiki ya kutoa jasho. Figo. Alipona, ila mieleka ikaishia hapo.

Mwanamieleka akistaafu huvua viatu akaviacha katikati ya mkeka, watu wakasimama. Lonnie vyake aliviacha barazani kwetu. Verlyn aliviingiza gereji. Vipo hadi leo, nyuma ya mizani.

Nimewaza hivi wakati naosha vyombo. Njaa hii haiishi mpaka aruhusiwe kupanda daraja. Ruhusa hutoa kocha. Kocha ni yeye mwenyewe. Na aliyewahi kumwomba hivyo usoni namjua mmoja tu.

Ijumaa, 8 Februari

Nimempigia Lonnie. Anauza mbegu za mahindi, wilaya ya pili kutoka hapa. Nikamweleza yote.

"Anatema mate?"

Ndiyo, nikasema.

"Kwenye kopo?"

La kahawa.

Nikamsikia akivuta pumzi. "Mama, mimi na mtu yule hatuna la kuambiana."

Nikasema najua. Akakata simu. Ana haki.

Verlyn ameshindwa kukimbia leo. Ameketi, ametema, amelala kwenye kiti. Nimechoka hadi kwenye kucha.

Jumamosi, 9 Februari

Nimepiga pasi shati la sherehe. Kola yake sasa inatosha shingo mbili.

Mchana pikapu imeingia uani. Injini ikazimwa, mtu hakushuka. Nikapasha supu ya viazi. Akaingia, kofia mkononi — Lonnie, mvi tupu, tumbo la mtu anayekula kwa wakati. Namshukuru Mungu kwa tumbo lile. Akakaa kiti kilekile cha mwaka 1984. Sidhani alichagua.

Verlyn akamtazama sana.

"Kubesh. Una ngapi leo?"

Jina la binti yake hana! La huyu analo.

Lonnie alikuwa akiigeuza kofia. "Nimezidi, Kocha. Siwezi tena. Naomba nipande."

Upawa mkononi mwangu, supu inadondoka sakafuni. Sikuifuta.

Verlyn akaisukuma sahani yake mwenyewe ya supu hadi kwa Lonnie. "Kula."

Lonnie akala ameinama. Hakusema asante, na nisingependa aseme. Akafika nusu, akairudisha. "Na wewe panda, Kocha. Twende wote."

Verlyn ameshika kijiko. Ameshika! Kisha mkono ukasimama hewani.

"Mia thelathini na nne ataingia nani?"

"Hakuna. Tuiache wazi."

Nimewapa mgongo, naandika kwenye kaunta ya jikoni ili nisionekane natazama. Simu inalia, bila shaka chuo, wanauliza kama tumeondoka. Ilie. Kijiko bado kiko mkono wa kulia. Wa kushoto ameukunjua, anahesabu kwa vidole, uzito mmoja baada ya mwingine, nani atashinda, nani ataangushwa, kama timu inaweza kupoteza pointi sita na bado ikabaki salama. Lonnie hamtazami. Anaitazama supu.

Amefika kidole gumba. Ametikisa kichwa, ameanza upya.

Supu inapoa.