Ushuru wa Maji ya Korongo

Yona, mtoza ushuru wangu,

Naanza na habari unayoingojea: maji yapo. Nimeyaona kwa macho yangu Jumamosi iliyopita, kiangazi hiki hiki, chini kabisa ya lile korongo la kwenu ulilotuchosha nalo ofisini miaka yote. Ni machache kuliko ulivyotangaza. Wewe ulisema mto, mimi nimeona beseni. Lakini yapo, na ni ya baridi ya kuuma meno. Hapo umenishinda.

Tulikodi kosta. Unatujua tulivyo: ulipokuwa hai safari iliahirishwa kila mwezi, ulipoondoka ndiyo kila mtu akapata nafasi. Shemeji Anna, mkeo, alinipa kiti cha mbele karibu naye kwa heshima ya mguu wangu. Mguu umepona. Siku wenzangu walipokuwa wanakuzika mimi nilikuwa nimelazwa, mguu umening'inizwa juu, kisa nimeanguka kutoka kwenye mpera wa jirani. Mtu mwenye mvi, mperani. Najua ungesema nini. Ungesema kazi ya Mnyamwezi ni kubeba mzigo, si kuwa mzigo.

Tulipoiacha Hombolo na mashamba yake ya zabibu, vumbi likaanza kuingia, na Shemeji akaniinamia. "Shemeji, mama hajacheka tangu msiba. Siku ile alikuwa anauliza tu, mtani wake yuko wapi? Mbona mwanangu anazikwa kimya kimya?"

Wewe Mgogo, mimi Mnyamwezi. Watani tangu babu zangu walipokuwa wakipita kwenu na mizigo kichwani, na babu zako wakiwatoza ushuru kwa kila kata ya maji. Mtani asipofika msibani kumsema marehemu, kuvuruga mambo, kulala juu ya udongo mpaka abembelezwe, msiba unabaki na kitu kooni. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na haikufanyika. Basi njia nzima iliyobaki nilikuwa napanga maneno ya kukuchamba, huku naogopa kama mtoto wa shule. Je, kama mama yako hatacheka?

Mama yako alitupokea mlangoni. Wenzangu wakajaribu salamu ya Kigogo, "mbukwenyi" yao ya kuokoteza, mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba." Akanitazama mguuni, halafu usoni. "Ndiye wewe." Hakutabasamu.

Nyuma ya zizi nikaona makaburi mawili. Moja ni tuta la udongo na mawe, jingine limevikwa marumaru za bluu, zinang'aa. Nikajiambia, Yona yule, aliyekuwa anapiga pasi mpaka soksi, atalala wapi kama si kwenye marumaru? Sikuuliza mtu. Nikajitupa.

Nikagaragara, Yona, na suruali yangu ya safari. Nikasema, "Amka wewe, mtoza ushuru. Umekufa ili ukwepe zamu yako ya kununua vitumbua? Ulikuwa mchoyo, ukila karanga unafunga droo. Ukiimba kwaya, mbuzi wa mtaa mzima wa Kikuyu wanaitikia. Toka humo, mpagazi wako amefika." Wakatazamana. Nikadhani nimewagusa, nikazidisha. Machozi yakaja, na hayo hayakuwa ya utani.

Dada yako akaanza, "Lakini kaka, hilo ni la..."

"Mwache amalize," mama yako akamkata. "Baba yenu mkubwa hajatembelewa siku nyingi."

Baba mkubwa. Yule katekista uliyeniambia alikuwa anasali amefumbua jicho moja ili amwone anayecheka. Nilikuwa nimemlalia tumboni, nimemwita mchoyo wa karanga.

Nikainua kichwa. Mama yako ameshika nguzo ya zizi, mabega yanatikisika. Kilianza kama kikohozi. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, akijipangusa macho na kanga, na Shemeji Anna naye hajulikani kama analia au anacheka. "Yesu wangu," mama akasema, "leo ndiyo nimezika."

Akaninyooshea fimbo kwenye tuta la udongo. "Mwenzako yule pale. Yeye marumaru bado." Kwako nilikaa tu, nikaweka mkono juu ya jiwe. Maneno nilikuwa nimeyamalizia kwa katekista.

Korongoni alitangulia mwenyewe, na fimbo yake, sisi vijana wa ofisini tukihema nyuma. Kuta mbili za mawe, katikati upana wa mkokoteni, pimbi wamejipanga juu wanatushangaa. Chini, kwenye kivuli, maji yako. Nikainama ninywe. Fimbo ikakaa mbele ya kifua changu.

"Mnyamwezi hanywi hapa bure."

"Mama, mimi ni mgonjwa wa mguu."

"Babu zako nao walisema hivyo hivyo."

Nikatoa chupa ya asali niliyomletea, ya kwetu Tabora. Akaifungua, akachovya kidole, akaonja taratibu kama mkaguzi. "Umetia sukari." Sikutia, na anajua. "Haya, kunywa."

Nilipomaliza akanipa dumu. "Mpelekee na mwenzako. Mpagazi si ni wewe?"

Basi nikalipandisha, Yona, kichwani, bila kata ya nguo, mlima wote ule, ofisi nzima ikinipiga picha. Usiombe kuziona. Mama yako amekuzungushia miche ya minyaa, bado midogo, na kiangazi hiki hakina huruma. Nikaimwagilia mmoja mmoja. Udongo ukanywa kwa sauti. Muda wote ule mama alikuwa amesimama nyuma yangu akinisimamia. "Na huo wa pembeni. Unamwaga kama unayaonea uchungu maji."

Sasa nakuaga, maana mke wangu anauliza naongea na nani. Ushuru wa mwaka huu nimelipa. Kila kiangazi nitamletea mama yako asali, atasema nimetia sukari, na mimi nitakupandishia maji mpaka minyaa ile ikuzidi urefu, jambo ambalo, kwa kimo chako, halitachukua muda.

Pumzika, ndugu yangu. Na umsalimie baba mkubwa. Mwambie yale ya karanga hayakuwa yake.

Mpagazi wako.