Bunduki Haioni kwenye Flati

4 Machi

Kaka mkubwa,

Shikamoo. Macho yameamkaje huko hospitali? Huku tuko wima: mama na mgongo wake, mimi na sura yangu inayozidi kuwasumbua wasichana wa mtaa.

Agizo nimelipata. Unataka ukirudi tupige kunguru kwenye ile mashine ya gemu ya utotoni, kwa bunduki yake ya plastiki, kabla macho hayajazima kabisa. Kazi ndogo! Umesahau unaongea na fundi? Televisheni yetu ya kichogo, iliyokuwa imekula nusu ya sebule, nimempa muuza vyuma chakavu. Nimeleta flati ya kisasa, nyembamba kama ahadi za mjomba. Kunguru utawaona hadi kope.

Mdogo wako,
Fundi Bila Cheti

13 Machi

Mdogo wangu Mjuaji,

Marahaba. Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea, usinicheke. Jicho la kushoto limeshaaga. La kulia linachungulia kama kwenye tundu la ufunguo. Wataniruhusu mwisho wa mwezi, ila jicho hawaliahidi.

Kichogo umekitoa? Ewe mtoto! Bunduki ile haitoi risasi, ina jicho mdomoni. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi, kisha pale alipo kunguru panang'aa, na bunduki inauona mng'ao papo hapo. Flati huchelewesha picha. Bunduki inatazama, haioni kitu.

Tafuta kichogo kingine. Si vile vya mwisho mwisho vilivyoandikwa "dijitali", navyo huichakata picha kwanza. Chukua cha kizamani, kizito, cha mgongo mrefu. Na haraka. Nataka nione kunguru mmoja akianguka, nikucheke ulivyokuwa ukilia ukishindwa.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo tena, na pole. Mama anakusalimu, hajui habari ya jicho la kushoto. Nimemwambia unakonyeza manesi.

Flati nimeijaribu. Nimefyatua hadi kidole kikavimba, kunguru wakapita wakinidharau. Kwa muuza chakavu nimekuta kioo kimeshavunjwa, nyaya za shaba zimeng'olewa. Lakini usihofu! Kinyozi kanipa kichogo chake, cha rangi ya fedha, kizuri ajabu. Ndiyo, kimeandikwa "dijitali". Sasa fundi ni nani, mimi au wewe?

Fundi Bila Cheti

27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mbona kimya? Ulisema kweli, usinichambe. Cha kinyozi nacho bunduki haikioni. Wiki nzima nimekifungua na kukifunga, kikanipiga shoti hadi mama akasikia matusi niliyokuwa nimemficha.

Leo nimekipata chenyewe! Mama mfua nguo wa mtaani alikuwa anapigia nguo pasi juu yake. Kizee, kizito, mgongo kama gunia. Tumekibeba watu wanne. Jicho liambie lisubiri kidogo.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa muuguzi. La kulia limezima Jumatano. Niliamka nikamwambia awashe taa. Asubuhi ilikuwa imeshafika.

Barua yako nimesomewa. Kichogo mrudishie mama wa watu apigie pasi. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Kaka yako

3 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Dada muuguzi, msomee polepole, na ukifika penye upuuzi usiruke.

Wiki ijayo nakuja kukuchukua. Utanishika bega, na nikikugongesha mlangoni nitukane kama kawaida.

Kichogo sijarudisha. Jana nilikiwasha peke yangu. Kilinguruma, kikapata joto, kunguru wakatokea na rangi zile zile za kutetemeka. Nikafyatua mara moja, mmoja akaanguka. Nikageuka nyuma. Hapakuwa na wa kunicheka.

Nikakizima. Nilikuwa nimesahau kichogo hakizimi mara moja, kaka. Picha ilijikunja katikati, ikabaki nukta nyeupe. Nikaikodolea nukta ile, nikiiambia isubiri. Ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi.

Mdogo wako