Siku Nilimwandika Kyule Absent

Kajiado,
Jumapili, 14 Juni 2009

Kwako dada yangu Ndanu, Mama Mumbua,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu kila mtu wa hapo nyumbani Mbooni. Naomba barua hii ikupate ukiwa na nguvu, na ule mguu wa mama uwe umepungua kufura. Nilisikia mahindi imekauka kabla ya kutoa maua. Huku pia ni vibaya. Ng'ombe zinakufa kando ya barabara ya Namanga mpaka watu wamezoea kupita wakiziba pua. Mimi mwili uko sawa. Bado niko kwa ile duka ya vifaa vya ujenzi, naandika risiti na kupima misumari. Chakula tu ndiyo hainipiti, na sababu yake utaiona.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Wiki iliyopita nilikupigia mara mbili, ukashika, nikaanza kuuliza habari ya mbuzi na mvua, nikakata. Kwa simu nitakimbia tu, najijua. Karatasi haikimbii. Usipatie mtu akusomee, hata Mumbua. Kiswahili unasoma vizuri, soma mwenyewe ukiwa umekaa chini.

Ulinipigia kuniambia kwamba watu wa yule kijana anayemwoa Mumbua watakuja Jumamosi tarehe 27 na mbuzi tatu za ntheo, na wazee wamekubaliana mimi mjomba wake nikae kwa kiti ya baba, nizipokee, niseme mbele ya watu kwamba msichana amekuwa wao. Ulisema hakuna mwingine, kwa sababu baba ya Mumbua ni absent. Ulikuwa unaongea Kikamba, hilo neno likatoka katikati kama jina la mtu wa nyumbani. Nikakata simu. Ulifikiri ni network.

Dada, mimi ndiye nilikufundisha hilo neno.

Mimi nililijua darasa la nne. Mwalimu alikuwa anaita majina asubuhi, na mtoto kama hajakuja, yule wa karibu na kwao alikuwa anasimama na kusema, "Absent, teacher." Tulidhani ni aina ya ugonjwa. Mpaka siku moja mwalimu mwenyewe hakuja, na mtoto mmoja akasimama akasema teacher ni absent, tukacheka, na nikaelewa kwamba ni mtu tu hayuko mahali alitakiwa kuwa. Hiyo Kizungu kidogo ndiyo ilinipatia kazi pale kwari ya mawe ya Kitengela. Wengine walishika nyundo na mtaimbo, mimi nikashika rejista. Kila saa moja asubuhi nasimama kwa kibanda, naita jina, mtu anaitika, naweka P, yaani yuko. Asiyeitika naweka A. Ukifikisha A tatu kwa mwezi, umeenda nyumbani, na Gakuru msimamizi anachukua mtu mwingine kutoka wale walikuwa wanangoja getini.

Walinichukia na walinicheka pia. Musau alinipatia jina Bwana Absent. Nikipita na rejista yangu kwapani alikuwa anauliza kwa sauti kama hata mvua nimeiandika A. Bwana yako Kyule ndiye aliniletea mzaha mbaya zaidi. Aliwaambia wenzake kwamba siku ya kufa kwangu, Mungu akiita jina, nitamwuliza kama ameweka tarehe. Nilikasirika siku mbili. Alikuja kunipa pole na mkebe wa githeri ulikuwa umempikia, tukala pamoja juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa hivyo, na wewe unajua kuliko mimi.

Sasa nakurudisha mwaka wa ile mvua ya El Niño. Unaikumbuka ile Jumanne ulikuja kwari, Novemba 1997, umemwacha Mumbua na surua kwa jirani pale Noonkopir. Viatu vilikuwa vimebaki kwa matope ya barabara, ukaingia kwa kibanda miguu tupu. Uliniambia Kyule aliondoka Jumatatu asubuhi akisema anaenda kuomba ruhusa arudi ampeleke mtoto hospitali, na hajarudi. Nilikufungulia rejista. Nikaweka kidole kwa jina lake na nikakuonyesha ile herufi. Uliuliza hiyo ni nini. Nikasema ni A. Ukauliza A ya nini. Nikasema absent, maana yake hakufika. Ulilisema mara mbili tatu ili ulishike, kama mtu anashika nambari ya nyumba. Halafu ukaniambia Kyule hawezi kukosa kazi bila sababu. Mimi nikaongeza yangu. Nikasema alikuwa anasifu kwari za Kiserian, na kwamba watu walimsikia akitaja mwanamke wa huko.

Hakukuwa na mwanamke, dada. Nilimtengeneza pale pale, mdomo ukiwa wazi.

Ulienda Kiserian mara mbili kumtafuta, na mara ya pili nilikusindikiza mpaka stage. Watu wa kwao wakasema wewe ndiye ulimfukuza na mdomo yako, ukarudi kwa mama na mtoto na sufuria mbili. Tangu hapo hilo neno likawa lako. Kwa kanisa wakiomba wajane wasimame, ulikuwa unabaki umekaa, na ukiulizwa unasema bwana yako ni absent. Mumbua akijaza fomu ya kuingia Form One, pale kwa baba aliandika hivyo hivyo. Ulinielezea ukiwa na hasira vile mwalimu alitaka aandike marehemu, ili apate ile msaada ya mayatima, na wewe ukakataa kumzika mtu aliye hai kwa sababu ya karo. Bila cheti ya kifo hawangempatia. Akatoka shule Form Two. Mimi nilikuwa nimesimama hapo jikoni kwa mama nikikusikiza, na nikasema umefanya vizuri, uongo ni dhambi. Nilisema hivyo na mdomo wangu.

Hata hapo ningenyamaza. Kilichoniamsha ni ploti. Ile shamba ya kwari ni ya Lemein, ambaye baba yake ndiye alikodisha kwa wenye mawe. Kwari ilifungwa zamani, na sasa kwa hii kiangazi ng'ombe zake zimekwisha, ameamua kuuza ardhi. Mwezi jana alikuja kwa duka kununua nondo za kuweka bikoni, zile alama za mipaka. Akanionyesha ramani, ploti arobaini, za nusu ya nusu ekari. Aliniambia akicheka kwamba wewe karani wa zamani unajua mahali kuna mwamba na mahali kuna udongo, nionyeshe mahali mtu anaweza kuchimba choo bila kuteseka. Nikaangalia ile ramani. Mahali ya udongo ni moja. Ploti nambari kumi na saba.

Nilimwuzia nondo. Alipoondoka nikafunga duka, na ilikuwa bado mchana.

Sasa nitakuambia, na nitaandika bila kupumzika.

Ile Jumatatu, tarehe 17, Kyule alikuja. Alichelewa, nilikuwa nimemaliza kuita majina na nimemweka A na penseli. Ilikuwa A yake ya tatu, zile mbili za kwanza zilikuwa za mvua, barabara ikiwa imekatika. Watu walikuwa wamejificha mvua kwa banda la upande ule mwingine, hakuna aliyemwona akiingia. Aliniambia mtoto ana joto, hafungui macho, anaomba ruhusa ya masaa matatu tu. Angekuwa na haki hata ya siku nzima. Mimi nikamwambia kanuni haijui shemeji. Nikamwambia akitoka hapo ile A inabaki na kesho kazi si yake. Nilitaka tu anibembeleze kidogo, dada, kwa sababu ya ule mzaha wa Mungu na tarehe. Hiyo ndiyo kitu nimebeba. Hakunibembeleza. Alisimama, akaangalia nje kwa mvua, akasema basi niandike niko. Nikafuta A na nikaweka P.

Gakuru akapita akamwona, akamwambia kwa sababu umefika, shuka utoe ile pampu kabla maji haijaifunika. Alishuka peke yake. Mimi nilikuwa mlangoni kwa kibanda. Ule ukuta wa juu haukupiga kelele kubwa, ulikaa chini tu kama mtu amechoka, na pale Kyule alikuwa ameinama hapakuwa na mtu tena. Wale wa bandani walisikia, lakini mvua hiyo kuta zilikuwa zinaanguka kila siku, hakuna aliyetoka.

Tulikimbia mimi na Gakuru. Nilimwita jina mara nyingi. Sikusikia kitu. Najua hilo ndilo utaniuliza kwanza, na naapa sikusikia kitu. Lakini siwezi kukuambia alikufa papo hapo, kwa sababu hatukuchimba. Kipande kingine kilianguka karibu na mguu wangu, Gakuru akanivuta shati tukatoka. Kulikuwa na watu thelathini na nyundo pale bandani, ningepiga nduru wangekuja wote. Sikupiga nduru.

Ndani ya kibanda Gakuru alifunga mlango akauliza nani amemwona leo. Nikasema ni sisi. Akaniambia watu wa leba wa serikali wakijua, kwari imefungwa, hawa wote wameenda nyumbani, na wa kwanza kushikwa ni yule karani alimwandika mtu yuko badala ya kumpatia ruhusa. Akasema mtu hakufika kazini hawezi kufa kazini. Aliisema polepole, hata hakuwa mkali. Nikachukua kifutio. Nilifuta ile P, karatasi ikatoboka kidogo, nikaandika A pembeni ya tundu. Kesho yake nilikuwekea kidole changu juu ya hilo tundu ndiyo usilione.

Wiki hiyo Gakuru alileta tingatinga, ikasukuma udongo mpaka pale pakawa sawa. Aliwaambia watu hiyo upande mawe imekwisha.

Gakuru alikufa miaka tano iliyopita, kwa hivyo sina mtu wa kumsukumia. Mwezi mmoja baada ya Kyule kufunikwa aliniongezea cheo na nikakubali. Hata hiyo ujue.

Nilimwambia Lemein Jumatano iliyopita. Nilitegemea atanipiga. Badala yake akasema kwa miaka hizo zote alikuwa ananywesha ng'ombe hapo juu maji ya mvua yakisimama, na mimi nikipita namsalimia sopa na kumwuliza habari ya ndama. Akaniita mtu mdogo. Kisha akaenda akang'oa bikoni za kumi na saba, na wale walitaka kununua hiyo upande amewaambia wangoje. Amenipatia mpaka Jumatatu ya tarehe 22. Nisipoenda polisi Kitengela siku hiyo, ataenda yeye. Alisema pia niandike kwako kwanza, usikie kutoka kwa damu yako kabla ya kusikia kutoka kwa askari.

Nitaenda. Rejista iko na mimi, niliiba siku kwari ilifungwa, sijui hata kwa nini. Nitaipeana. Sitaki unitetee, na mama akitaka kuuza mbuzi anitafutie wakili, mkataze.

Kwa hivyo tarehe 27 sitakuwa hapo, na hata ningekuwa huru singekaa kwa hiyo kiti. Mbuzi hizo si za nyumba yetu. Ni za watu wa Kyule, na ndugu zake wangali hai kule Kilungu. Walikuita mwanamke wa kufukuza bwana kwa sababu yangu. Wapelekee hii barua waisome, wakuombe msamaha wewe, halafu mmoja wao ndiye apokee mbuzi za mtoto wa ndugu yao. Kama wale wakwe watakubali kungoja, ni vizuri Kyule azikwe kwanza. Hiyo ni yenu kuamua, mimi sina sauti tena.

Mumbua umwambie wewe, usimwache asikie kwa watu. Yeye amekua akijua baba yake alitoroka kwa sababu yeye, mtoto, alikuwa mgonjwa, aliniambia hivyo mwenyewe akiwa na miaka kumi. Mwambie alikuwa ameomba masaa matatu.

Kitu moja naomba, na si kwa ajili yangu. Polisi wamezoea kuchimba haraka haraka, na wakipata mtu watataka mwingine awaambie ni nani. Mimi nakumbuka tu sweta ya kijani. Wewe ndiye unajua shati alivaa ndani asubuhi hiyo, na kama mshipi ulikuwa ule wa ngozi ama ile kamba. Uje kabla ya wao kuanza. Shuka Kitengela, uliza kwa Lemein, kila mtu anamjua, bibi yake amesema utalala kwake.

Salimia mama. Asile nyama ya chumvi, na hii habari mwambie mchana, akiwa na watu karibu. Salimia majirani na wale wa kanisa. Salimia Mumbua, kama atataka salamu zangu.

Ndimi,
Munguti