Jina Ambalo Sikuliandika

Madam,

Kama kuna mtu Mungu alimzidishia bahati kati ya Bungoma na Kitale, ni huyu Barasa wako. Uliza yeyote. Siku ya kukuzika kule Kimilili kamati nzima ilikuwa imeshika tama, hema kubwa haionekani, mchungaji anatazama saa yake kila dakika. Halafu mimi nikatokea na lori kutoka upande wa Kiminini, nimeketi juu kabisa, juu ya hema nyeupe, kama mheshimiwa anayerudi nyumbani baada ya kura. Watu wakapiga makofi. Makofi matangani, Madam! Mjomba wako akasema, "Huyu kijana alizaliwa ameshika bahati mkononi." Nikawapungia.

Na bahati yenyewe haijaisha. Kesho Jumatatu mume wako, Mwalimu Simiyu, ananikabidhi neno la siri la ule mfumo wako wa kukodisha hema na viti. Mimi! Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, nikabeba saruji Juba, nikauza mayai ya kuchemsha Kampala, nikafukuzwa na mbwa wa tajiri Mombasa hadi nikapoteza kiatu kizuri. Mwalimu amesema hana mwingine wa kumwamini, kwa sababu ya vile niliokoa mazishi yako. Hapo kwa hiyo "kwa sababu" ndipo pananikwama kooni. Ndiyo maana wenzangu wako kanisani na mimi niko hapa stoo ya Kitale, nimekalia kiti cha plastiki, nakuandikia.

Wacha nikupe habari kwanza. Chebet ndiye anasimamia stoo hii sasa, na amepaka geti rangi ya buluu ambayo ungeikataa. Kiti chako hakuna anayekikalia. Hatukukubaliana hivyo, ni vile tu kila mtu akifika hapo anasimama. Wale wakodishaji viti wa Webuye, watatu, programu zao zimeunganishwa na mfumo wako. Mteja akiwapigia, hawakimbii tena kwa daftari. Programu yao inauliza seva yako, seva inajibu. Ungekuwa hapa ungesema, "Basi msijivune." Nimejivuna kwa niaba yako.

Unakumbuka vile ulinitoa kwenye kupakia viti? Nilikuwa nahesabu kwa kupiga kelele, nataja kila sufuria imeenda kwa nani na inarudi lini, ukatoka ofisini na kalamu nyuma ya sikio. "Barasa, mdomo wako unakumbuka kuliko daftari langu. Ingia ndani ukae." Nikakuambia mimi kompyuta naijua kwa kuiona tu kwa mlango wa benki. Ukasema hiyo inatosha kuanzia.

Ukanifundisha kwa dirisha la stoo. Ukasema, mfumo ni stoo, na programu yako, Barasa, ni mtu wa nje. Haingii ndani kujichukulia. Inasimama dirishani, inaita kazi kwa jina lake, inapeana maelezo yanayotakiwa, halafu inangoja jibu. Na majina ya hizo kazi uliyaandika kwa Kiswahili, eti mtu wa Webuye asihitaji digrii kuomba viti. Kwanza unaita pigaHodi, unapewa tikiti. Tikiti inakufa baada ya saa moja (nikasema kama mapenzi yangu ya Eldoret, ukanirushia kifutio). Ukiwa na tikiti unaita angalia, unaambiwa kama hema iko huru. Ukiitaka unaita shika. Ikirudi unaita pokea. Mimi nilishangaa, bana. Niko Bungoma, naandika mstari mmoja, na hema Kitale inakuwa imeshikwa bila mtu kunyanyua simu. Nilikimbia nje kumwambia muuza mahindi.

Na ile habari ya wafiwa wawili. Ukoo mmoja, wiki moja, mazishi mawili, na aliyeagiza viti kote kuwili ni binamu yuleyule. Viti vyote vikaenda boma moja. Wale wengine waliketi kwa magogo, na mama mmoja akatulaani kwa Kibukusu safi hadi dereva akavua kofia. Wewe siku hiyohiyo ukarekebisha shika. Ikiwa ni ya mazishi, lazima jina la marehemu lijazwe, bila hilo seva inakataa na inauliza: Marehemu ni nani? Ukaniambia, "Kwetu mazishi hayaitwi kwa jina la aliyeagiza hema. Yanaitwa kwa jina la aliyelala." Nilidhani ni kitu kidogo.

Sasa ujinga wangu mimi ulikuwa mwingine. Ile programu ya ofisi ya Bungoma niliiandika mwenyewe, na nilitaka iwe na raha. Ikiita shika, seva ijibu isijibu, kwa skrini inatokea "Sawa, mkubwa!" na rangi ya kijani. Ulicheka kwanza. Halafu ukaacha kucheka.

"Na ikikataliwa?"

"Madam, ni nani huyo atanikataa mimi?"

"Barasa. Usimeze jibu. Seva ikisema kitu, mtu akione."

Nikakuambia nitarekebisha wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo nimekuwa nayo miezi mingi.

Jumanne ile uliyotuacha nilikuwa Bungoma. Mwalimu alipiga simu, sauti yake ni kama ya mtu aliye ndani ya pipa, akasema, "Barasa, shika hema kubwa. Ya Jumamosi. Kimilili." Akakata. Nikaketi. Nikaandika: hema kubwa. Nikaandika: Jumamosi. Nikaandika: Kimilili. Aina ya shughuli: mazishi. Kasha la mwisho likawa linangoja jina la marehemu.

Madam, ni hii mikono unayoijua, inayobeba viti ishirini kwa mara moja. Niliandika herufi mbili za jina lako nikafuta. Nikaandika tena nikafuta. Nilijiambia kama silijazi basi labda kuna mtu wa hospitali amekosea, labda unapiga simu saa hii uniulize kwa nini sijatoa taarifa ya wiki. Nikaacha kasha tupu, nikabonyeza.

"Sawa, mkubwa!" Kijani.

Nikampigia Mwalimu. "Imeshikwa." Nililia kidogo kando ya choo, kisha nikatoka nikifanya mzaha na watu, unanijua.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikafika hapa na lori kuchukua hema. Chebet alikuwa anapanga kamba.

"Hema kubwa gani, Barasa? Si iko Kiminini tangu jana. Kuna harusi."

"Chebet, leo si siku ya utani."

"Mimi ndiye natania? Wewe ndiye mchekeshaji hapa. Nilingoja oda yenu tangu Jumanne. Nilidhani Mwalimu amepata hema ya kanisa. Niliangalia, mfumo ukasema iko huru, nikawashikia watu wa harusi. Njoo uone."

Nikaona. Seva inaandika kila iliyoitwa na kila iliyojibu, ulitufundisha hivyo. Jumanne, saa nane na nusu mchana, kutoka ofisi ya Bungoma, shika imekataliwa. Na jibu lake, kwa maneno yako mwenyewe uliyoyachapa kwa vidole vyako: Marehemu ni nani?

Uliniuliza, Madam. Na programu yangu ikameza swali ikaniambia mimi ni mkubwa.

Kutoka hapa hadi Kiminini nilitunga uongo wa aina nne, kila mmoja mtamu. Nilipofika hema ilikuwa imesimama, imenyooka vizuri, na mama ya bibi harusi, Mama Naliaka, alikuwa anafunga riboni za zambarau kwa nguzo. Uongo wote ukanitoroka. Nikasema tu, "Mama, naomba hema. Tunamzika Madam Nasimiyu leo, na mimi ndiye nilikosea kuishika."

"Nasimiyu yupi? Yule wa hema?"

"Yule wa hema."

Akamwita msichana wake. Naliaka akatoka nyumbani nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona chui. Akasikiliza. Akasema, "Mama, si ndiye alikuja mwenyewe siku tulimzika Baba? Alikuwa anawapangia watu viti. Mpeni. Mimi nitaolewa hata chini ya mti wa jirani."

Wajomba wakanung'unika, lakini wakafungua kamba. Riboni wakazitoa moja moja. Mama Naliaka akaniambia, "Kijana, kimbia. Na uache kutuangalia hivyo, tutalia na leo hatutaki."

Kwa hiyo nikafika Kimilili saa nne na dakika kumi. Makofi. Mwalimu akanishika bega mbele ya watu wote, akaniuliza imekuwaje nimechelewa, nikasema, "Barabara, Mwalimu, lakini si mnajua bahati yangu?" Ukazikwa chini ya hema yako. Ilikaa hadi siku ya tatu, ndugu wakakaa, wazee wakasema maneno yao, hakuna aliyenyeshewa.

Kiminini mvua ilipiga saa tisa. Chebet aliwapelekea hema mbili ndogo, zikatosha wazee na keki. Nimeiona picha kwa simu yake: Naliaka anacheza, gauni limekuwa jekundu kwa matope hadi magotini, anacheka. Ni mrembo. Siwezi kuiangalia mara mbili.

Wiki iliyopita nimerekebisha programu. Ile "Sawa, mkubwa!" nimeitoa. Sasa seva ikijibu, jibu linatokea lilivyo, na likiwa ni la kukataa, kitu kinapiga kelele ofisini kama jogoo wa mtaa wa Kipsongo. Chebet amelalamika. Nimemwambia azoee.

Halafu nikajaribu kitu cha kijinga. Nikaita pigaHodi, nikapewa tikiti. Nikaita shika. Hema kubwa, Jumamosi ile, Kimilili, mazishi. Marehemu: Rose Nasimiyu. Nililiandika lote bila kufuta. Seva ikajibu: Siku hiyo imepita. Ulikuwa mkali hata ukiandika, Madam. Lakini nilifurahi kusikia unanijibu.

Sasa nisikilize. Mimi kazi hii naiweza. Sijigambi, au najigamba, lakini naiweza: hapa Kitale na Bungoma nzima hakuna anayejua kila kazi ndani ya ule mfumo na maelezo yote inayoyataka kama mimi, na wale wa Webuye wakikwama wananipigia mimi. Kwa hiyo kesho nataka lile neno la siri. Lakini kabla Mwalimu hajaifungua ile bahasha yenye neno lenyewe nitamwambia kwa nini hema ilichelewa. Kasha tupu, jibu nililomeza, harusi ya watu. Akinipa baada ya hapo, nitalitunza. Akimpa Chebet, nitamfundisha Chebet, na nitamwita Madam, na najua atafurahia kupita kiasi. Nikitoka kwa Mwalimu ninaenda Kiminini kumwambia mume wa Naliaka kwamba shughuli yao ijayo, iwe ni mtoto iwe ni nyumba mpya, hema kubwa nitaileta na kuisimamisha kwa mikono yangu. Hiyo ni ahadi, umeisikia wewe kwanza.

Basi, kwaheri Madam. Tulia huko. Chebet ametoka kanisani ananiita, kuna viti vya kushusha, na anasema barua si kazi.

Na ile bahati niliyoanza nayo hapo juu ni uongo. Sikuwa na bahati yoyote. Nilikosea, nikanyamaza, na msichana wa watu akaolewa kwa mvua.

Barasa