Orodha ya Mzee Pruden

Kestrel Bend, Saskatchewan
9 Machi

Mdogo wangu Orest,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Verna. Nyonga yake inaendeleaje, na ng'ombe wameanza kuzaa? Huku baridi haijalegea. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka uchovu usioisha kwa kulala.

Habari kubwa ni kwamba Ijumaa nilimwambia mwenyekiti wa timu kuwa msimu huu ukiisha, naacha umeneja. Alicheka, akasema, "Lorne, wewe utaacha siku utakapobebwa." Alipoona sicheki, akafunga mlango. Miaka thelathini na sita, Orest. Nilianza kwa kufua jezi na kuendesha basi, nikawa mtafuta vipaji, kisha meneja. Vijana wa hoki ya barafuni waliopita mikononi mwangu hawana idadi. Wachache wamefika ligi kubwa. Wengi wananikwepa dukani.

Kilichonimaliza ni Jumanne. Nilimtoa Colby Lavallee, beki wetu wa miaka kumi na saba, kwa timu moja ya jimbo la Manitoba, nao wakatupa golikipa wao. Nilimwita ofisini akiwa bado na mkoba wa shule mgongoni. Hakulia. Aliniuliza amekosea nini. Nikamjibu hajakosea kitu, ndivyo kazi ilivyo. Akauliza kama anaweza kwanza kufanya mtihani wa kemia wa Alhamisi, nami nikamwambia basi lake linaondoka saa kumi jioni ile ile. Bernice, mama aliyemlaza na kumlisha kwake tangu mwaka juzi, alileta sanduku, akaniambia mbele ya watu, "Nguo zake bado mbichi, meneja. Hata kukauka hukuzipa nafasi."

Tangu hapo swali la Colby haliniachi, maana ndilo ulilokuwa ukiniuliza wewe, mwaka baada ya mwaka, kwamba walikuona na kasoro gani. Nami nilikuwa nasema sijui.

Nilijua. Vuli ile ya majaribio ya timu, jina lako lilikuwa la nne kwenye orodha ya wachezaji aliotaka kuwachukua mzee Pruden, meneja wa wakati huo. Aliniita kando, mimi mfua jezi wake, akasema amesikia uliumia goti kiangazi. Akasema kwa kuwa mimi ni ndugu yako, nimweleze ukweli. Daktari alikuwa ameshatuambia limepona, nami nilikuwepo aliposema. Nikamwambia Pruden goti hilo halitafika Krismasi. Akalipiga jina lako mstari, akanishukuru kwa uaminifu wangu.

Baba alikuwa ameshapooza upande mmoja. Ilikuwa lazima mmoja wetu abaki kukamua ng'ombe, na ungechaguliwa wewe, ningeitwa mimi nyumbani. Sikutaka. Nimetafuta sababu nyingine iliyo bora miaka yote hii, sijaipata. Nilikukuta zizini siku ile, ukanishika bega, ukasema, "Si kitu, kaka. Mmoja wetu yumo." Kisha nikaingia ndani, nikala chakula cha mama, nikashiba.

Msamaha siwezi kuuomba kwa karatasi. Nitakuja Aprili, mechi zikiisha. Usipotaka, Verna anipigie tu simu, sitauliza. Asiponipigia, nitafika asubuhi wakati wa kukamua, ili mikono yako iwe na kazi na usilazimike kunitazama.

Nisalimie Verna na watoto, na majirani wanaonikumbuka.

Mimi kaka yako,
Lorne