Ngoma haikupasuka mu filme ya Gauthier

Victorine, nakuandikia ku telefone. Tunatoka ku salle kule Kasapa kuangalia filme ya mwana wangu Gauthier.

Ile hadisi yetu ya mutoto mwenye zimwi lilimufungia mu ngoma, unaijua. Mutoto anaimba, bantu banaitika, ngoma inapasuka, anatoka. Gauthier ametosha wimbo, ameutoa mu filme! Ametosha! Mutoto anabaki mule mule, filme imekwisha.

Mujukuu wangu Deborah, binti wa Gauthier, akaanza kunililia: "Kambo, hatukuitika! Atakufa mule!"

Gauthier akageuka, kule mbele na bageni bake ba kravati: "Mama, munyamazishe."

Victorine, nikasimama. Nikaimba.

Hakuna hata mumoja aliitika.

"Mama! Ikala chini, unanipatisha haya!"

Nikaimba tena. Mutoto mumoja akaitika, kisha bengine, kisha hata ba kravati. Bote! Gauthier peke yake alifunga kinywa.

Pa mulango akaniambia: "Umeharibu filme yangu." Nikamujibu: "Mwana wangu, nilimutosha mutoto mu ngoma."

Sasa tuko mu gari yake. Anaendesha, hata kuniangalia hapana. Deborah anaimba ule wimbo nyuma yetu. Anaimba, kisha anangojea baba yake aitike.